Mnara Unavyoonekana kutoka Ng'ambo

Ni miji michache ya Uingereza, ukiacha London, iliyochorwa na kuandikwa kama Salisbury, mji wenye watu wapatao 40,000 tu. John Constable aliuchora tena na tena. Anthony Trollope aliuzunguka jioni moja ya kiangazi akaondoka na mbegu ya riwaya sita. William Golding alisomesha humo kwa miaka mingi, na V. S. Naipaul aliishi kwenye bonde lililo kaskazini yake. Ongeza juu yao vitabu vya watalii, kadi za posta na kalenda za ukutani, nawe utadhani hakuna jiwe la mji huo lisilokwisha kusemwa. Hata hivyo, mtu anayeishi katika mtaa wa kawaida wa Salisbury, akitoka asubuhi kutupa taka na kurudi jioni na mkate chini ya kwapa, hupatwa na jambo la ajabu: amekaa mahali mashuhuri sana, na hapo alipokaa hapamo kitabuni.

Mimi nimekaa Fisherton kwa miaka sita sasa. Katika kurasa hizi nataka kuzisoma upya kazi chache zilizoutangaza mji huu, na kipimo changu ni kimoja, tena cha mpangaji: je, aliyeandika au kuchora alijua kwamba hapa pana watu wanaoishi? Najua kipimo hicho ni chembamba. Mwanafasihi aliyebobea atasema kazi ya sanaa haidaiwi hesabu ya wakazi kama karani wa sensa. Ni kweli. Lakini kazi hizi ndizo zilizomfundisha dunia nzima kuutazama mji huu, na mtazamo huo, kama nitakavyoeleza, umekuja kuwa na madhara.

Kwanza msomaji auone mji wenyewe. Kanisa Kuu la zamani lilikuwa juu ya kilima kiitwacho Old Sarum, penye upepo mkali na maji haba, bega kwa bega na ngome ya askari ambao hawakupatana na makasisi. Mwaka 1220 Askofu Richard Poore aliliweka jiwe la msingi la kanisa jipya bondeni, kwenye majani mabichi karibu na makutano ya mito, na mji mpya ukapimwa kando yake kwa mistari iliyonyooka, mitaa ikikatana kama ubao wa bao. Kanisa lilikamilika kwa sehemu kubwa mwaka 1258. Miaka 38 tu! Makanisa mengine ya namna hiyo yalichukua karne. Mnara wenye ncha ulikuja baadaye, katika karne ya 14, na kwa urefu wake wa mita 123 ndio mrefu kuliko yote Uingereza mpaka leo.

Kulizunguka kanisa ni uwanja mpana wa majani na nyumba nzuri ambao wenyewe huuita Close. Una ukuta. Mwaka 1327 mfalme alitoa ruhusa ukuta huo ujengwe, na mawe yake mengi yalitoka katika kanisa lililobomolewa kule kilimani. Una malango pia, na malango hayo hufungwa kila usiku hadi leo. Ukuta haukujengwa dhidi ya jeshi la kigeni. Ulijengwa kwa sababu makasisi na wenyeji wa mjini walikuwa wakigombana.

Fisherton iko upande wa pili wa mto Avon. Zamani ilikuwa parokia peke yake, nje ya mipaka ya mji, na ukitazama historia yake utaona kwamba kila kitu ambacho mji ulikihitaji lakini haukutaka kukiona dirishani kilivushwa daraja kikatuliwa huku. Gereza lilikuwa Fisherton. Hospitali ya watu wote, iliyoanzishwa karne ya 18 kwa michango ya hiari na kufungwa mwaka 1993, ilikuwa Fisherton. Nyumba ya wagonjwa wa akili, iliyopata kuwa kubwa kuliko zote za watu binafsi nchini, ilikuwa Fisherton. Reli ilipofika upande huu miaka ya 1850, stesheni iliyobaki hadi leo ikajengwa Fisherton, na baada yake zikafuata safu za nyumba za matofali mekundu zilizogandana ukuta kwa ukuta, mlango ukifunguka moja kwa moja kwenye njia ya waendao kwa miguu. Katika moja ya hizo ndimo nikaamo. Ukuta ni mwembamba kiasi kwamba najua saa bibi wa jirani anapotia maji ya chai.

Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa sana mambo haya. Sisi tuna neno lake. Kulikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na upande wa pili uliitwa Ng'ambo, jina ambalo linasema wazi lilitolewa na nani na alikuwa amesimama wapi alipolitoa. Mkono ule wa bahari ulifukiwa, daraja likaondoka, jina la Darajani likabaki. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco. Mpaka ulipochorwa, kwa sehemu kubwa uliifuata palepale alama ya maji yaliyokwisha kufukiwa. Mimi ni mtoto wa Kikwajuni. Nilipofika Fisherton na kuuona mnara ng'ambo ya mto, nilielewa kwamba mimi ndiye niliye ng'ambo, na kwamba sikuhama mbali sana.

Basi tuanze na picha. Constable alilichora Kanisa Kuu akiwa kwenye malisho yenye maji, na picha yake kubwa ilionyeshwa London mwaka 1831. Mawingu meusi yametanda juu ya mnara, radi inapiga, na upinde wa mvua umeinama ukashuka upande wa kulia. Mbele yake mkokoteni wa farasi unavuka mto. Ni picha yenye nguvu, sina ubishi; mwaka 2013 ilinunuliwa kwa ajili ya jumba la sanaa la Tate kwa pauni milioni 23.1, na watu wakaona ni halali yake. Wataalamu hueleza kwamba dhoruba ile ni hofu ya Constable kwa ajili ya Kanisa la Uingereza, lililokuwa likitikiswa na siasa za mageuzi ya miaka ile, na kwamba upinde unaishia kwenye nyumba ya rafiki yake, John Fisher, aliyekuwa shemasi mkuu na kuishi mlemle ndani ya Close.

Hayo ni sawa. Lakini mwezi Novemba 1830 vibarua wa mashamba wa jimbo hilihili la Wiltshire walikuwa wamevunja mashine za kupura nafaka kwa sababu ziliwanyang'anya kazi ya majira ya baridi na ujira ulikuwa haushibishi. Januari 1831 mahakama maalumu ilikaa Salisbury kuwahukumu. Zaidi ya watu 100 walihukumiwa kupelekwa Australia, na wengi wao hawakuwaona tena wake na watoto wao. Miezi minne baadaye picha ikatundikwa. Dhoruba imo, ila yule anayetishwa na dhoruba ni jengo. Mwenye mkokoteni yumo pia, ametupa mgongo, na kazi yake pichani ni ileile ya mti ulio kushoto: kujaza nafasi. Simlaumu Constable kwa kulipenda kanisa. Ninachosema ni kwamba aliuona msiba wa mwaka ule akaupachika mahali pasipo na mtu wa kuuona. (Na tukiwa hapohapo kwenye siasa za mageuzi: kilima cha Old Sarum, ambacho watu walikwisha kukihama zamani, kilikuwa na wabunge wawili hadi mwaka 1832. Mawe yalikuwa na wawakilishi.)

Kwa Trollope nitakaa zaidi, maana yeye ndiye aliyewafanya Waingereza wauone mji wa kanisa kuu kama mahali pa upole, pa chai, pa wivu mdogomdogo na kengele za jioni. Alikuwa afisa wa posta, akizunguka mikoa kupanga njia za mabarua, na mwanzoni mwa miaka ya 1850 kazi ilimleta Salisbury. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kwamba alisimama kwenye daraja dogo mjini humo kwa muda wa saa nzima, akaamua mahali itakaposimama nyumba ya wazee maskini katika hadithi yake. Ndivyo ilivyozaliwa *The Warden*, iliyotoka mwaka 1855, na baada yake *Barchester Towers* ya 1857 na nyingine nne. Barchester si Salisbury tupu. Winchester, alikosoma utotoni, imo pia. Lakini mbegu ni ya hapa.

Kisa cha *The Warden* ni chepesi kukisimulia na kigumu kukiamua. Kuna wazee 12, vibarua waliochoka, wanaotunzwa kwa wasia wa tajiri wa zamani. Kila mmoja hupewa senti zake za kila siku. Msimamizi wao, mzee mwema Septimus Harding, hupata pauni 800 kwa mwaka pamoja na nyumba na bustani. Anatokea kijana mpenda haki, anauliza: je, mtoa wasia alikusudia hivi? Magazeti yanaingilia, wanasheria wanaingilia, wazee wanashawishiwa kutia saini malalamiko, wengi kwa alama ya msalaba kwa kuwa hawajui kuandika. Mwishowe Bwana Harding, ambaye dhamiri yake ni nyepesi kuumia kuliko ya wote waliomtetea, anajiuzulu. Wazee hawapati kitu. Pesa hazigawanywi, msimamizi mpya hateuliwi, mmoja baada ya mwingine wanakufa, na bustani inaota magugu.

Nakipenda kitabu hiki. Bwana Harding, akiwa mashakani, hupiga zeze kubwa lisilokuwepo, mikono ikienda hewani, na sijui mwandishi mwingine aliyeionyesha aibu ya mtu mwema kwa alama ndogo kama hiyo. Lakini tuangalie hila ya hadithi. Trollope anauliza swali la haki ya maskini, kisha anatuongoza kwa ustadi mpaka swali hilo linageuka kuwa swali la usingizi wa Bwana Harding. Wazee, isipokuwa Bunce aliye mwaminifu kwa bwana wake, wanatolewa kuwa watu wenye tamaa na wepesi wa kudanganywa. Waandishi wanaowatetea maskini wanadhihakiwa. Dickens mwenyewe anapigwa kijembe kwa jina la kubuni. Msomaji anafunga kitabu akiwa amemwonea huruma mtu mwenye pauni 800.

Sasa msomaji atie jambo moja ambalo halimo kitabuni. Salisbury ya enzi za kati ilijengwa juu ya maji: mifereji ilipita katika mitaa yake, ikisifiwa na wageni walioifananisha na Venice. Maji hayo ndiyo yaliyonywewa na ndiyo yaliyopokea uchafu. Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia, na kwa muda wa miezi michache watu karibu 200 walikufa katika mji ambao ulikuwa mdogo kuliko ulivyo leo. Daktari mmoja, Andrew Middleton, alisimama akasema mifereji ifukiwe na mabomba yawekwe. Ulizuka ubishi mkubwa: gharama atalipa nani, na uzuri wa mji utakuwaje? Kazi ikaanza miaka ya 1850, na mifereji ikafukiwa mmoja baada ya mwingine. Mtaa mmoja wa katikati bado unaitwa New Canal ingawa hakuna tone la maji, kama Darajani yetu isiyo na daraja.

Tazama tarehe. Trollope alisimama darajani akiutazama mto jioni ile, miaka michache tu baada ya mazishi hayo, wakati mji ukibishana juu ya maji machafu. Alikuwa afisa wa serikali, mtu wa barabara na anwani. Kazi yake yenyewe ilikuwa kujua kila mlango uko wapi na barua itaufikiaje. Kama kulikuwa na mwandishi wa riwaya Uingereza nzima aliyeweza kuuandika mji wa kanisa kuu mlango kwa mlango, ni yeye. Akachagua Close. Sidhani kwamba alificha kwa makusudi. Nadhani alisimama mahali ambapo mnara ni mzuri mno, na mtu akisimama hapo masikio hupungua kazi.

Siku hizi vitu vilivyookotwa katika matope ya mifereji ile vimo katika jumba la makumbusho la Salisbury: visu, vijiko, mikasi, funguo. Ni vitu vya watu wa mjini, vilivyowaponyoka mikononi kwa karne kadhaa. Jumba lenyewe limo ndani ya Close. Kwa hiyo funguo za nyumba za mjini zimeishia nyuma ya lile lango linalofungwa usiku. Nimekwenda kuzitazama mara tatu au nne, na kila mara nimekaa hapo kuliko nilivyokaa mbele ya vitu vya dhahabu.

Golding ni habari nyingine. Alisomesha katika shule iliyo ndani ya Close, akiuona mnara kila siku ya kazi, na mwaka 1964, akiwa ameacha ualimu, alitoa riwaya ya *The Spire*. Mji haukutajwa jina, lakini hakuna asiyeujua. Mkuu wa kanisa, Jocelin, ameona njozi kwamba Mungu anamtaka aongeze mnara. Fundi mkuu, Roger Mason, anachimba shimo palipo na makutano ya kanisa na kumwonyesha kwamba chini hakuna msingi wa kutosha. Ni kokoto na tope, na tope linatambaa. Jocelin hasikii. Mnara unapanda, nguzo zinaimba kwa uzito, watu wanaharibika.

Waliokihakiki kitabu hiki wamekisoma kama kitabu cha imani na kiburi: je, njozi ilitoka kwa Mungu au katika uti wa mgongo wa mgonjwa? Ni swali zuri. Ila katika kurasa za mwanzo yupo mtu aitwaye Pangall, mlinzi na mfagiaji wa kanisa, kiwete, ambaye ukoo wake umelitumikia kanisa vizazi na vizazi. Ana kibanda chake kimeegemea ukuta. Mafundi wanapofika, uwanja wake mdogo unajazwa mawe na mbao, njia yake inazibwa, wanamzomea na kumwigiza anavyochechemea. Anakwenda kumlalamikia Jocelin. Jocelin anampa maneno matamu. Baadaye, katika ghasia za siku ambayo ardhi inacheza, Pangall anatoweka, inasemwa amekimbia. Msomaji makini anafahamu polepole kwamba mafundi wamemuua hapo penye shimo, kama kafara ya jengo.

Katika kazi zote hizi nne, Pangall ndiye mtu pekee anayesema: hapa ni nyumbani kwangu. Golding aliliona jambo ambalo Constable hakuliona na Trollope aliligeuza kuwa mzaha: kwamba kitu kizuri kikubwa hukaa juu ya ardhi, na juu ya ardhi hiyo kulikuwa na mtu aliyefagia. Historia haimhakikishi Pangall. Yeye ni wa kubuni. Lakini uzito si wa kubuni. Mnara na shina lake hukadiriwa kuwa na tani 6,500, misingi haizidi sana mita moja kwenda chini, na ukisimama katikati ya kanisa ukatazama juu kwa kufuata nguzo utaziona zimepinda. Christopher Wren alipoupima mnara katika karne ya 17 aliukuta umeinama. Kwa hiyo Golding hakutia chumvi sana.

Lakini hata yeye nina neno naye. Mke wa Pangall, mwenye nywele nyekundu, hana maisha nje ya macho ya Jocelin yanayomtamani. Mwandishi anamtumia kama mshumaa, anamwasha, anamzima katika uzazi. Na Pangall mwenyewe anaondolewa mapema mno. Baada ya kifo chake hakuna tena anayeishi katika kitabu hiki: kuna wanaojenga, wanaoomba, wanaotamani. Hakuna anayeuliza. Yamkini Golding alikusudia tuone hivyo, tulie kwa kukosa kulia. Kwangu mimi hilo ni jibu la werevu kuliko la ukweli.

Naipaul nampitia haraka, ingawa kwa msomaji wa pwani yetu ana mvuto wa pekee: msimulizi wa riwaya yake *A Bend in the River*, ya mwaka 1979, ni kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika *The Enigma of Arrival*, ya 1987, anaeleza miaka yake katika kibanda cha kupanga bondeni karibu na Salisbury. Anamwona kibarua aitwaye Jack na bustani yake, anamdhani ni mabaki ya Uingereza ya kale isiyobadilika, na inamchukua miaka kutambua kwamba Jack naye alikuwa mtu wa kuja, na kwamba kila alichokidhani cha kale kilikuwa kikibomoka mbele yake. Ni kitabu cha mtu aliyejifunza kuona polepole. Kasoro yake ni kwamba yeye hutembea peke yake tu. Majirani ni watu wa kutazamwa, si wa kuazima sukari.

Nilisema mtazamo huu una madhara. Tarehe 4 Machi 2018 Mrusi mmoja aliyepata kuwa jasusi, pamoja na bintiye, walikutwa hoi kwenye benchi mjini Salisbury. Walikuwa wamegusa sumu iliyopakwa kwenye kitasa cha mlango wa nyumba, nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida. Walipona, polisi aliyekwenda kuikagua nyumba naye akaugua. Julai mwaka uleule mwanamke mmoja alikufa kwa sumu ileile, iliyokuwa katika chupa ya manukato na kumfikia katika mji jirani wa Amesbury. Serikali ya Uingereza iliwataja watu wawili kuwa washukiwa. Mwezi Septemba wawili hao walitokea kwenye televisheni ya Urusi wakasema wao walikuwa watalii: walikwenda kuona Kanisa Kuu la Salisbury na mnara wake wa mita 123.

Watu wengi walicheka. Majirani zangu hawakucheka. Mimi nilihamia mwaka mmoja baadaye, na bado habari ilikuwa mbichi: picha za kamera zilizotolewa na polisi ziliwaonyesha watu wale wakipita kwa miguu Fisherton, kati ya stesheni na mjini, mbele ya maduka ambayo sisi hununua maziwa. Wao walikana kila kitu, nami si hakimu. Ninachokitazama kama mhakiki ni maneno waliyoyachagua. Walipotakiwa kueleza walifuata nini Salisbury, walitoa sentensi ya kitabu cha watalii, kwa sababu ndiyo sentensi ambayo dunia imezoea kuisikia kuhusu mji huu. Karne mbili za picha na riwaya zimeujenga mji ambao sababu pekee ya kuuendea ni mnara. Mlango wenye kitasa haumo humo.

Mama yangu, ambaye hajasoma hata kimoja cha vitabu hivi, aliliona hilo kabla yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea kwa simu picha ya kanisa lilivyo jua likizama. Akanijibu, "Mashaallah, mwanangu, kanisa nimeliona. Mlango wako uko wapi?" Nikatoka nje nikaupiga picha: mlango wa kijani uliobanduka rangi, pipa la taka, baiskeli ya mtoto wa nyumba ya tatu. Akaihifadhi hiyo. Ile familia yenye baiskeli imekwisha kuhama. Kodi ilipanda, wakaenda Andover ambako wamepata vyumba vitatu kwa bei ya viwili. Walikaa Fisherton miaka 11, na mtoto wao mkubwa alikuwa akiimba shuleni.

Isieleweke kwamba nauchukia mnara. Alasiri za baridi nimekwenda mara kadhaa kukaa nyuma kabisa wakati wa sala ya jioni, mimi Mwislamu niliyekulia karibu na kengele ya Mkunazini, na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Waimbaji wakianza, sauti hupanda juu kwa kufuata zile nguzo zilizopinda. Kisha huwa narudi kwangu kwa kuvuka daraja, mvua ikinyesha aghalabu, na mnara nyuma yangu umewashwa taa.

Bibi wa jirani, ambaye ana miaka 80 na zaidi na amezaliwa mitaa miwili kutoka hapa, hajapata kupanda juu ya mnara hata siku moja. Anasema ngazi ni nyingi na kutoka huko asingeiona nyumba yake vizuri. Nilimwazima *The Spire*. Baada ya wiki mbili tulikutana penye mapipa, akaniambia habari za tope ni kweli tupu, stoo yake ya chini huingia maji kila Februari, lakini ameacha kusoma pale Pangall alipotoweka, kwa sababu hakubaki mtu anayemhusu. Nimemsihi aendelee. Kuelekea mwisho Jocelin hukumbuka alichokiona siku ile, na jina la Pangall hurudi. Kitabu bado kiko kwake.